Ombi la Kumwandikisha Kaka Yangu Khisa Kuwa Fahali

Boma la Titus,
Nyuma ya soko la Khayega,
Kakamega.
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wenye Mafahali,
Boma la juu.

Kupitia kwa: Mama (ameisoma, akasema niondoe jina la mchungaji wa kanisa, nimeliondoa).

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye pia ni Baba Mkubwa wangu Shikanga,

KUH: KAKA YANGU KHISA ABADILISHWE KUWA FAHALI KABLA YA JUMATATU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, pamoja na Mama Mkubwa Phoebe, na Transfoma, fahali wa mapambano wetu sote. Tumetenganishwa na ua mmoja tu, na ningeweza kuja kusema haya kwa mdomo. Nilijaribu Jumapili. Nilikunywa chai vikombe viwili, nikakusaidia kutafuta miwani, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo naandika.

Umeamua kwamba Jumatatu Khisa apelekwe Matungu kwa shemeji yako Mukhwana akakate miwa "mpaka kichwa kitulie". Baba anasema wewe ndiye mkubwa wa ukoo na neno lako halirudishwi. Mimi silirudishi. Naomba tu kwamba kabla ya siku hiyo Khisa aondolewe katika hesabu ya watu, aingizwe katika daftari la mafahali, kwa maana katika boma letu fahali ndiye anayetibiwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Mwezi wa Februari Transfoma alikataa kula. Alisimama akitazama ukuta wa zizi tangu asubuhi, na mtu akimkaribia alitetemeka. Kabla ya saa nne daktari wa mifugo, Bwana Kibet, alikuwa ameshaletwa kwa pikipiki. Alimtazama macho, akamnusa mdomo, akauliza, "Nani amempa huyu bangi?" Wazee wote wakaanza kutazama viatu vyao. Akasema, "Basi mwacheni. Apumzike wiki tatu, maji mengi, kelele kidogo. Hana wazimu huyu, amelishwa." Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu niliyaandika nyuma ya kitabu cha Jiografia.

Mwezi wa Aprili Khisa alikataa kula. Alisimama akitazama ukuta. Alisema mtangazaji wa redio anamtaja jina, na hakulala siku tano. Hakuna pikipiki iliyoitwa. Wazee waliketi, wakakubaliana kwamba ni aibu, wakachukua redio. Redio ilikuwa yangu, lakini hilo silihesabu kama lalamiko.

2. Transfoma alipougua, kila mtu alijua, na ilikuwa vizuri. Mama Mkubwa alimwombea kanisani kwa jina lake, na kanisa zima likaitikia. Hata watu wa Malinya, ambao fahali wao alikuwa amepangwa kupambana naye, walileta mzigo wa majani ya napia wakasema pole. Khisa alipougua tuliambiwa tuseme amesafiri. Alisafiri hadi jiko la zamani, hatua ishirini kutoka mlangoni mwetu. Sasa Mama Zipporah wa mandazi huniuliza kila asubuhi amefika wapi. Nilianza na Eldoret. Nikasema Nakuru. Wiki hii nimemfikisha Voi, Baba Mkubwa, na ramani inaelekea kuisha. Asipopona upesi nitalazimika kumvusha mpaka bila pasipoti.

3. Hapa naandika kwa heshima zaidi. Khisa hakuanza bangi kwa ukaidi. Alipokuwa na miaka kumi na sita ulimpa kazi ya kumchunga Transfoma, na sote tulijivunia, kwa maana kutembea mbele ya fahali huku ngoma za isukuti zikilia si heshima ya kila mtu. Kazi hiyo ilikuwa na safari ya stejini, kwa muuza bangi, kila Ijumaa kabla ya pambano. Muuzaji humuuliza mteja, "Ya ng'ombe ama ya mtu?" Kwa miaka miwili Khisa alijibu "ya ng'ombe", na ilikuwa kweli. Mwaka wa tatu alijibu vilevile, na ilikuwa nusu kweli. Sisemi ulimtuma akavute. Nasema tu kwamba njia ya kwenda pale hakuigundua yeye.

4. Nimesoma maktabani kwamba kuna nchi ambako bangi huuzwa madukani kwa leseni. Pakiti huandikwa ukali wake na onyo la kiafya, na muuzaji hutazama kitambulisho kwanza. Hata huko bado wanabishana kama walifanya vyema, na mimi sina msimamo, nina mtihani wa kati ya muhula. Kwetu ni haramu, kwa hiyo hakuna anayepima ukali wala anayeuliza umri. Swali ni moja tu, ng'ombe ama mtu. Hata hivyo sitakuwa mwongo. Mwezi uliopita niliokota karatasi chini ya kitanda cha Khisa, ile wanayofungia bangi. Ilikuwa insha yangu ya Kidato cha Pili, "Madhara ya Dawa za Kulevya katika Jamii", alama 31 kati ya 40. Madaftari yetu ya zamani huuzwa sokoni kwa kilo, na nadhani ndivyo ilivyofika kule. Kwa hiyo siwezi kulalamika kwamba bidhaa hiyo haikuwa na onyo. Ilikuwa nalo, la kurasa mbili, kwa mwandiko wangu. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni, "Toa mifano halisi."

5. Katika baraza la mwezi Mei ulisimama ukazungumza dakika ishirini na mbili dhidi ya bangi. Ulisema vizuri sana na nilipiga makofi. Mvua ilipoanza uliingia kwetu, ukasahau koti lako, na Mama akaniambia nilifue. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na misokoto minne. Najua ilikuwa ya Transfoma. Niliikausha juu ya jiko, nikairudisha mfukoni. Nakueleza ili ujue kwamba si mali yote inayopotea katika boma letu.

6. Kuhusu Matungu. Umesema mtoto akipewa kazi atachoka, akichoka atalala. Labda. Lakini Khisa bado anasikia mtu akimwita kutoka mahali pasipo na mtu, na kule atapewa panga. Pia Mukhwana mwenyewe, alipokuja Krismasi, alituambia kwamba wakata miwa wake huvuta kidogo saa sita ili jua lisiwashinde. Wote walicheka na mimi nikacheka kwa adabu. Sasa sicheki. Tunamtoa mtu kwenye moshi kwa kumpeleka kwenye moshi wenye jua.

7. Wiki jana nilikwenda kliniki ya akili, nikiwa na sare ya shule, nikamwambia muuguzi kwamba nafanya mradi wa darasa kuhusu kijana fulani wa kubuni. Muuguzi anaitwa Bi Maurine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu. Akasema si kila anayevuta huugua, na si kila anayeugua alivuta, lakini mtu akianza mapema, na ikiwa kali, kuna vichwa visivyostahimili, na vingi hupata nafuu vikitibiwa mapema. Halafu akasema, "Huyo wa mradi wako, mlete Jumanne saa mbili." Nikamkumbusha kwamba ni wa kubuni. Akasema, "Mlete hivyo hivyo."

Lakini Jumanne huja baada ya Jumatatu, na Jumatatu Khisa atakuwa Matungu. Ndiyo maana nimeona njia iliyo fupi ni ufahali. Nimejaza maelezo kama daftari la Kamati linavyotaka:

Jina: Khisa. Umri: miaka kumi na tisa. Rangi: maji ya kunde. Uzito: kilo hamsini na nne (alikuwa sitini na saba). Pembe: hana, lakini hata Transfoma moja yake imevunjika. Mapambano aliyoshindwa: hakuna, kwa kuwa hajawahi kumpiga mtu, hata sasa, ingawa watu humkwepa njiani. Tabia: mpole, hukumbuka siku za kuzaliwa za watu.

Akishaandikishwa, nategemea apate haki zote za cheo hicho: daktari kwa pikipiki, wiki tatu za mapumziko, kuombewa kwa jina, na majirani kuruhusiwa kuja kusema pole. Majani ya napia tunaweza kusamehe.

Na ikiwa Kamati ina nafasi moja tu, napendekeza wabadilishane. Transfoma aende Matungu Jumatatu akakate miwa. Ana nguvu, hachoki upesi, na bangi ameshaizoea. Khisa abaki zizini, ambapo, nimepima kwa rula, ni pakavu kuliko jiko la zamani na dirisha ni kubwa zaidi.

Naomba radhi kama nimekukosea popote. Wewe ndiye uliyeninunulia kamusi yangu ya kwanza, na nimetafuta humo maneno ya adabu kadiri nilivyoweza. Kesho nakutakia ushindi katika pambano. Msalimie Mama Mkubwa, wasalimie Wazee wa Kamati, mwambie Daktari Kibet kwamba nakumbuka maneno yake, na umkwaruze Transfoma nyuma ya sikio la kushoto, pale Khisa alipokuwa akimkwaruza.

Ni mimi binti yako kwa upande wa mdogo wako Titus, niliye upande wa pili wa ua,

Mideva

Baada ya sahihi (Jumapili jioni): Sikuweza kukuletea barua Ijumaa, nilifika langoni nikarudi. Sasa naona nafuu, kwa sababu ombi langu halifai tena. Jana Transfoma alishindwa na yule wa Malinya katika dakika ya pili, akageuka, akakimbia kupitia katikati ya watu na meza ya Mama Zipporah, na leo asubuhi alikuwa amening'inia kwenye bucha ya Khayega. Asante kwa kilo mbili za nyama yake ulizotuletea. Mama ameichemsha kwa saa tatu na amekataza watu wasinywe supu, kwa sababu ya yale aliyolishwa Ijumaa.

Nilikuwa sijui kwamba cheo cha fahali huisha hivyo. Tafadhali futa jina la Khisa katika daftari lenu, kama kuna aliyekwisha kuliandika, na umwache abaki mtu kama alivyokuwa.

Yeye mwenyewe hakula. Alikaa mlangoni pa jiko la zamani akiitazama sahani, kisha akasema, "Afadhali mimi, Mideva. Mimi nikishindwa hamwezi kunigawana." Baba alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, na hakurudi upesi. Huo ni utani wa kwanza wa Khisa tangu Aprili. Nikamwuliza kuhusu Jumanne, na amekubali, mradi niende naye.

Kwa hiyo nabaki na ombi moja, na hili nitakuja kulisema kwa mdomo, hata nikinywa chai vikombe sita. Kesho asiende Matungu. Na Jumanne tupewe ile pikipiki iliyomleta daktari wa Transfoma. Haitumiki tena.