Jinsi Fundi Cherehani Alivyouteka Mnara kwa Sindano Moja

Sogeeni, enyi mlioketi, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti. Acheni simu zilie zenyewe, epueni sufuria jikoni, maana habari inayokuja si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nawaletea habari za Bwana wa Mkasi, Mshika Futi, Mpiga Pindo asiyetetereka, aliyeshuka bondeni siku ya Jumamosi pamoja na jamaa zake, akapanda kilima, akashuka, akapanda tena, hata matendo yake yakaandikwa kwa wino kitabuni. Wengine waliteka miji. Yeye aliiteka Njia ya Familia, kilomita tatu na nusu, ambayo kibao cha getini kinasema inawafaa watoto kuanzia miaka minne. Msicheke. Kibao hakikusema lolote kuhusu wakwe.

Shujaa huyu alikuwa fundi cherehani, na mama mkwe wake alikuwa mpeleka barua mstaafu, Mguu Usiochoka, aliyepanda milima na mkoba begani kwa miaka thelathini, akamaliza soli zisizohesabika, na kuamini kwamba mtu hujulikana kwa nyayo zake. Siku fundi alipoletwa nyumbani kutambulishwa, bibi huyo aliitazama suruali yake iliyong'aa matakoni kwa kukalia stuli, akatamka mbele ya wote: "Kumbe binti yangu amepata mtu wa kukaa." Miaka kumi na mmoja ikapita juu ya neno hilo, nalo halikuchakaa. Hakuwahi kumwita mwanangu, wala mkwe wangu. Hata mezani, fundi akiwa ubavuni pake kabisa, bibi alimgeukia binti yake upande wa pili akasema, "Mwambie mtu wako wa kukaa apitishe chumvi." Naye binti alimwambia, na chumvi ikapita kwa njia hiyo ya kuzunguka.

Basi fundi aliwaza moyoni wiki tatu nzima, mguu ukikanyaga cherehani, akaapa kwamba atamwongoza mwanamke huyu kwa miguu hadi mahali pa juu, na huko juu ataitwa mkwe. Hakutaka kingine.

Kulipopambazuka akajivika silaha. Akavaa suruali aliyojishonea mwenyewe, yenye mifuko saba, na kila mfuko ukiwa na kifungo chake. Futi akaiacha shingoni, kwa kuwa bila futi hujiona uchi. Chini ya ukosi wa shati palikuwa na sindano na uzi, kama ilivyo desturi ya mafundi. Mkewe, muuguzi wa wodi, Mtuliza Homa, alibeba vitu vidogo tu: maji, mayai ya kuchemsha na chumvi yake, plasta, nguo za akiba na koti la mvua. Binti yao wa miaka sita, ambaye nyumbani huitwa Kwa Nini kutokana na neno lake la kwanza kila asubuhi, alibeba kijiti.

Getini walipewa ramani na kadi yenye visanduku vitatu: kimoja cha daraja la kale, kimoja cha kinu cha maji, kimoja cha mnara wa walinzi. Kila mahali kuna muhuri wake. Wa mnarani uko mikononi mwa mlinzi, pamoja na kitabu cha wageni, naye hufunga mlango saa kumi kamili. Hapo fundi akapanda juu ya jiwe, akakohoa, akanena.

"Enyi jamaa zangu! Mbele yetu kuna daraja lililokanyagwa na misafara ya chumvi, na kinu kilichosaga nafaka ya mababu, na mnara uliowaona maadui wakiwa bado mbali. Leo sisi nasi tutapita walimopita. Na hatutakula yai hata moja kabla ya kuuteka mnara!"

"Umechukua kofia ya mtoto?" akauliza mkewe. Hakuwa ameichukua.

Daraja lilianguka mikononi mwao bila mapambano. Fundi aliyapapasa mawe yake, akayasifu kwa hotuba iliyodumu hadi kundi la nyuma likaomba njia, kisha akagonga muhuri. Kwenye kinu, Kwa Nini aliuliza kwa nini gurudumu halizunguki na maji yapo, na fundi akajibu kwamba limepumzika baada ya kazi njema, jibu ambalo mama mkwe alilisikia na kuguna. Muhuri wa pili aliugonga kichwa chini kwa haraka ya ushujaa.

Nyuma ya kinu njia iligawanyika. Kibao cha njia panda kilikuwa kimeanguka na kufunikwa na majani, hakuna aliyekiona. Fundi akaikunjua ramani, akakuta mistari miwili: mmoja mzima, mweusi, wa kujiamini, mwingine wa vipande vipande. Sasa jueni kwamba katika kazi yake ya miaka ishirini, mstari mzima ni wa mkasi, ndio unaofuatwa kwanza bila kupepesa jicho, na mstari wa vipande ni wa sindano, wa baadaye. Maelezo ya alama yalikuwa kwenye pembe ya ramani, lakini fundi haangalii pembe ya karatasi. Hapo ndipo hubana pini. Akainua mkono, akawaongoza kwenye mstari mzima, ambao ulikuwa mpaka wa shamba la ng'ombe.

Wakaenda kando ya uzio, waya kushoto, miiba kulia, na tope chini lililozidi kila hatua. Fundi alitangulia akitangaza fahari ya bonde. Mama mkwe alifuata kimya, mikono nyuma. Hata walipofika penye vichaka, likatokea jitu lenye pembe, ng'ombe mmoja aliyepenya uzio, akasimama katikati akitafuna. Fundi akatandaza mikono kuikinga jamaa yake.

"Ewe mnyama," akanena, "nyuma yangu kuna mke, mama na mtoto, nami sirudi nyuma. Chagua upande wako, kulia au kushoto, nasi tutakumbuka wema wako."

Ng'ombe hakuchagua. Walitazamana kwa muda mrefu, jasho likimtoka mmoja wao, mpaka fundi alipogundua kwamba mkewe, mama mkwe na mtoto wamekwisha kupita nyuma ya mkia na wanamsubiri mbele.

Lakini lililomshinda ng'ombe liliwezwa na tope. Hatua chache mbele, kiatu cha kulia cha mama mkwe kiliachama. Kilikuwa kiatu cheusi cha ngozi, cha jozi ya mwisho aliyopewa kazini, na soli ilibanduka kutoka kidoleni hadi katikati. Bibi akaketi juu ya jiwe. Ilikuwa saa nane na nusu.

Fundi akatazama mbele. Uzio ulikata kona na kurudi ulikotoka. Akageuka, na ng'ambo kabisa, juu ya kilima kingine, akauona mnara. Akaitazama ramani, safari hii hadi pembeni, na masikio yakamwaka moto. Angeweza kusema njia imezibwa. Angeweza kumsingizia ng'ombe. Alifikiria vyote viwili, akamwona mtoto wake mwenye njaa, mwenye tope hadi magotini, naye kwa mara ya kwanza siku ile akazungumza bila kupanda juu ya kitu.

"Mama, nimewapoteza. Tangu kwenye kinu. Nilifuata mstari mzima kwa sababu kwenye nguo ndio tunaoukata, kumbe huu ni mpaka wa shamba. Kosa ni langu."

"Nilijua tangu tulipofika kwenye uzio," akasema mama mkwe.

Mkewe akashtuka, akauliza kama kweli alijua na akakaa kimya muda wote huo, na viatu vile, na mtoto yule.

"Nilikuwa namsubiri aseme," akajibu bibi. "Miaka thelathini nimebeba barua, nimeongozwa na watu wengi sana wanaoijua njia. Wote walinipoteza, na sikumsikia hata mmoja akisema amepotea. Walisema njia imehamishwa." Akanyoosha mguu. "Haya, mtu wa kukaa, kaa. Kiatu hiki ni kazi yako."

Ndipo Bwana wa Mkasi akaketi topeni, yeye na suruali yake ya mifuko saba, akachomoa sindano chini ya ukosi. Hapo palipiganwa vita, enyi wasikilizaji! Ngozi ilikuwa ngumu, sindano ilikuwa ya nguo za pamba. Akakunja uzi mara nne, akaisukuma sindano kwa kifungo alichokikata mfukoni, akatoboa, akavuta, akakaza kwa meno. Ilipinda, akainyoosha kwenye jiwe. Kidole kilitoka damu, muuguzi akakifunga plasta, kikarudi vitani. Kwa Nini alichuchumaa akitazama mishono ikitokea mmoja mmoja pembeni mwa soli.

"Baba," akasema, "inafanana na ule mstari mwingine wa ramani."

Fundi akatazama, akaona ni kweli. Alipokata uzi, mama mkwe alisimama, akakanyaga mara mbili, akatangulia kurudi. Hata kwenye kinu akasimama, akampisha fundi apite mbele. Fundi akapita, akaufuata mstari wa vipande, na hakutoa hotuba yoyote hadi kileleni, kwa kuwa pumzi haikumruhusu.

Walipofika mnarani mlinzi alikuwa ameshika kufuli. Akasema wamefunga, warudi Jumamosi ijayo. Fundi alifungua kinywa, hewa ikatoka peke yake. Mama mkwe ndiye aliyesogea, akaweka kiatu kilichoshonwa kwenye kizingiti.

"Bado dakika tatu," akasema. "Mimi mwenyewe nimewahi kukaa dirishani posta, hiyo mbinu ya kufunga mapema naijua."

Mlinzi akaangalia saa, akaangalia kiatu, akafungua. Fundi akagonga muhuri wa tatu kwa mikono miwili, wima, katikati ya kisanduku. Kisha mlinzi akafunua kitabu cha wageni, akauliza kiongozi wa msafara ni nani. Fundi akatazama chini. Mama mkwe akachukua kalamu, akaandika taratibu kwa mwandiko wa posta, akafunga kitabu kabla mtu hajasoma.

Wakaketi nje kwenye ngazi za kale, bonde lote chini yao, wakala mayai. Fundi alikuwa ngazi moja na mama mkwe wake, mkewe juu yao. Bibi alimenya yai lake, akalitazama, akanyoosha mkono pembeni bila kugeuka.

"Chumvi," akasema.

Mkewe akafungua kinywa kupeleka ujumbe kama ilivyo kawaida, lakini chumvi ilikuwa imekwisha kufika, na bibi alikuwa amekwisha kuipokea. Fundi alikaa na yai mkononi, machozi yakimtoka, akasema ni upepo.

Basi iandikwe, itangazwe, wajue wanaokuja! Na anayebisha apande mlima huo mwenyewe, kabla ya saa kumi, akafunue kitabu kile. Atasoma tarehe, na idadi ya watu wanne. Penye kiongozi pameandikwa: Mkwe wangu. Na penye maoni, kwa mwandiko uleule wa posta, pameandikwa: Kibao chenu cha njia panda hakipo, na ramani yenu inapoteza watu.