Kahawa Niliyoiacha Mezani

Jumamosi, 3 Agosti
Sijamwambia mtu: nina insha mbili za kuombea nafasi chuo kikuu. Ya kwanza imenyooka: "Mimi, Tuqa, ni mwanafunzi mwenye bidii." Hata mimi imenitia usingizi. Katika ya pili nimejifanya mshenga. Nimekaa sebuleni kwa chuo, nimewekewa kahawa, na kwa desturi yetu siigusi mpaka wanikubalie. Tamu! Au wazimu? Mwisho wa kutuma ni Alhamisi. Binamu yangu Maysam anaomba chuo hicho hicho. Yake keshatuma, na ukoo mzima umetangaziwa.

Jumapili, 4 Agosti
Nimemwuliza Maysam kwa ujanja: rafiki yangu mmoja ana insha mbili kama hizo, afanyeje? Kacheka mpaka kakohoa. Eti huyo rafiki anataka kukiposa chuo? Wee Tuqa, mwambie akapimwe kichwa! Nimesema nitamwambia.

Jumanne, 6 Agosti
Mpango! Jirani yetu Mwalimu Nawal alifundisha fasihi. Atanichagulia yeye. Nikatia insha zote mkobani.

Kumbe ana wageni tele. Aibu ikanikaba. Nikaletewa kahawa, nikaiweka mezani ili nifungue mkoba. Ole wangu! Sebule nzima kimya. Hapa mjini kwetu Salt, mgeni asiyegusa kahawa ana haja nzito. Mume wa Mwalimu, Abu Rakan, akaweka mkono kifuani: "Kunywa, binti yangu. Haja yako tumeshakupa, iwe kubwa vipi." Macho yote kwangu. Insha mkobani, ulimi umeganda.

Nikaomba paka.

Wamenipa mmoja; yule mweupe wamebaki naye.

Jumatano, 7 Agosti
Mama anauliza paka wa nini. Maysam keshasikia. Ananiita Bibi Mposa Paka.

Alhamisi, 8 Agosti
Kuchagua kumenishinda. Nimeziunganisha: juu bidii, chini ushenga. Nimetuma. Nimewaweza!

Jumatatu, 12 Agosti
Chuo kimepiga simu. Mama mmoja mpole: hawakuelewa, ninaomba kusoma au ninaposa? Nusu moja imewafurahisha sana, nyingine wameshindwa kuimaliza. Niandike upya kwa mtindo mmoja, niitume kesho, la sivyo nafasi imepotea. Nikamshukuru. Nikakata simu.

Sikuuliza nusu ipi! Niliona haya.

Basi ninarudi kwa Mwalimu Nawal jioni hii. Safari hii kahawa nitaiacha mezani kwa makusudi. Wakinyamaza, nitasema. Ulimi ukiganda, bado wana yule paka mweupe.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, yabaki kwetu. Maysam asijue. Wala mama: ameshasema paka mmoja, basi.