Mti Wangu, Redio Yao

Jumatatu, 7 Agosti 1967
Phelesia, binti yangu, miaka miwili hujaja! Kutoka Suna hadi hapa Lambwe umeona ni Ulaya? Nimenunua daftari hili nikuandikie kila kitu. Ukija utalisoma lote mbele yangu, uone haya. Usinicheke mwandiko. Shule sikuiona, herufi nilizipata kanisani nikifuata nyimbo kwa kidole.

Najua kilichokuudhi. Nilisema mbele ya wajomba zako kwamba Maroa, mume wako, anatafuna kama mbuzi. Basi. Alikuwa anatafuna kama mbuzi. Lakini nataka uje.

Nina njia. Redio!

Wewe hukuikuta. Mwaka jana watu wa misheni waliingia ghala la zamani la pamba na mashine yao na betri za lori. Wakakosa mlingoti. Nani alikuwa na mkaratusi mrefu kuliko yote? Mimi. Wakaukata, wakausimamisha, wakaniombea. Redio inasema alasiri tu, kwa muda wa saa moja. Haiuzi sabuni wala sigara. Hewa ikiwa safi inafika hadi kwenu. Kwa mti wangu.

Jumanne, 8 Agosti
Nimekwenda kwa Cephas, mtangazaji. Nimemwambia akusalimie hewani. Amekataa kabla sijataja jina! Eti salamu zimefutwa. Mwanzoni kila mtu alitaka kujisifu, yeye na baba yake na fahali wake, muda ukaisha kabla ya neno la Mungu. Sasa ni vifo, ng'ombe waliopotea na mafundisho ya pamba. Basi.

Nikamwambia anirudishie mti. Akasema, "Dani, bibi yangu, mti ukiondoka hata mahubiri hayatatoka." Nikamjibu mahubiri nayajua.

Nimeanika blanketi zangu kwenye nyaya za mlingoti. Redio imekoroma mpaka mwisho. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 10 Agosti
Kwaya imeimba redioni. Anayeongoza ni Jedidah, mke mwenza wangu, na sauti yake ile ya kanga aliyekanyagwa. Nimejipenyeza nyuma. Mpango: ubeti wa tatu, wakivuta pumzi, nipaze "Phelesia, njoo nyumbani!"

Jedidah alinijua. Hakuvuta pumzi! Ubeti mzima, macho yamemtoka, hakuvuta! Nimepaza baada ya amina. Cephas alikuwa ameshazima mashine.

Jedidah amecheka njia nzima mpaka kisimani.

Ijumaa, 11 Agosti
Nimeamka na akili. Ng'ombe waliopotea!

Cephas ni mtu wa Mbita, hawajui watoto wangu; jina lako alilisikia nikipaza kwenye kwaya, nimemwambia ni la ng'ombe. Nimemwambia aandike: mtamba mwekundu, ana pengo mbele, mwendo wa maringo, jina lake Phelesia, alionekana mara ya mwisho akielekea Suna. Mama yake hali, halali. Cephas ameuliza mama yake yupi. Nimemwambia asome tu.

Amesoma! Mara mbili! Nimefagia ua. Jogoo wako nimemtenga.

Jumatatu, 14 Agosti
Hakuna mtu. Jedidah anapita kila asubuhi kuuliza kama mtamba amerudi. Jogoo ananenepa.

Jumatano, 16 Agosti
Nilikuwa nachimba viazi, gauni limepasuka, matope hadi magotini. Nikaona mwanaume anakuja na ng'ombe. Maroa! Na mkwe hamwoni mama mkwe akiwa hivyo, ni mwiko. Nikajitupa nyuma ya ghala la mtama. Tumeongea hivyo hivyo, yeye uani kwenye kigoda, mimi huku nyuma na siafu.

Anasema mlisikia. Anasema ulilia siku nzima: kumbe mama alimpa ng'ombe jina langu, na sasa amempoteza, atakunywa nini? Ukamtuma alete mtamba wako mwenyewe. Siku tatu kwa miguu!

Na nani alimwita mbuzi? Mimi!

Nikauliza mbona hukuja mwenyewe. Akasema umejifungua, wiki ya tatu sasa. Msichana. Mmemwita Milka. Jina langu!

Nimelia nyuma ya ghala. Akauliza kama niko salama. Nikamwambia ni siafu.

Jogoo nimempikia mzima, Jedidah amempelekea. Nimechungulia akila. Anatafuna vizuri tu.

Alhamisi, 17 Agosti
Maroa ameondoka. Alinisihi twende wote. Lori la pamba limepita leo kwenda Suna, jioni ningekuwa nimempakata Milka mdogo. Nimekataa. Nipande lori kama gunia, na redio ninayo?

Nimefikiri. Kosa lilikuwa dogo. Tangazo la ng'ombe limeleta ng'ombe. Mtu huletwa na kifo. Vifo wanasoma bila maswali, na mama akifa hakuna binti anayebaki Suna.

Cephas ananijua uso, kwa hiyo tangazo la kifo changu litapelekwa Jumatatu na Jedidah. Amekubali. Amekubali upesi mno, sijapenda.

Kwa hiyo, Phelesia, nakuandikia humu daftarini, utasoma ukifika: ukisikia redioni kwamba nimekufa, usilie njiani, utamshtua mtoto. Wapite waombolezaji pale uani, usiwasalimie, zunguka moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni. Nitakuwa hapo nakoroga uji wako. Mlete Milka. Na usilete ng'ombe tena: huyu wako amekwisha kula viazi vyote.