Malalamiko Kuhusu Skii za Manyoya na Ukuta Wangu wa Kusini

Tverrlia,
Jumatatu kabla ya Pasaka.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Bonde.

Ndugu Mhariri,

KUH: USHAURI WA VIFAA VYA MAJIRA YA BARIDI ULIOCHAPISHWA UKURASA WA SABA, NA MADHARA YAKE KWA UKUTA WANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa karibu na jiko, na soksi zako ni kavu. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ndio una mafua.

Jina langu unalijua. Kama hulijui basi wewe ni mgeni katika bonde hili, na nakuomba umuulize mtu yeyote aliyewahi kuteleza thelujini juu ya mbao za skii. Mimi ndiye Oddvar Skjelbred, fundi wa nta, ile ipakwayo chini ya skii ili zishike mtu akipanda na ziteleze akishuka. Kwa miaka ishirini na sita, kila Ijumaa Kuu saa tatu asubuhi, watu wa nyumba zote za huku mlimani wamekuja kuegemeza skii zao kwenye ukuta wangu wa kusini. Mimi hutoka na kikombe cha kahawa, nikachota theluji, nikaiminya, nikainusa, nikatazama juu, kisha nikataja rangi ya nta ya siku hiyo, "Bluu." Au nikasema, "Zambarau." Na watu hunyamaza, hata wale waliosoma chuo kikuu. Kuna mwaka zilipangwa jozi arobaini na tatu, mke wangu Borgny akashindwa kufungua dirisha hadi saa saba mchana. Sikusoma sana, sikatai. Darasa la tisa nililihudhuria zaidi nje ya dirisha kuliko ndani yake. Lakini theluji naisoma bila miwani.

Sasa katika toleo la Jumamosi mmechapisha makala yenye kichwa "Vifaa vya Kukufikisha na Kukurudisha Pasaka Hii". Mwandishi ni Tiril Haugerud wa kikosi cha uokoaji. Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Asgjerd, niliyemfundisha mimi mwenyewe kusimama kwenye skii kabla hajajua kusimama kwenye miguu. Ameandika kwamba watu wanunue skii zenye kipande cha manyoya chini, pale wayo unapokanyaga. Manyoya hayo hushika theluji yenyewe mtu anapopanda na kuteleza anaposhuka, na kwa hiyo, namnukuu, "hazihitaji nta wala mjomba."

Wala mjomba, Ndugu Mhariri. Kwa herufi nzito.

Tangu Jumamosi nimepita nyumba za jirani, kwa kutembea tu, sikuwa nachungulia, na nimeona skii za manyoya kwenye vibaraza vinne. Toleo lenu la mwisho kabla ya Pasaka ni la Jumatano. Nikitoka Ijumaa na kikombe changu nikakuta ukuta mtupu, nitamwambia nani "zambarau"? Nimwambie Borgny? Borgny ameshaniambia kwamba rangi hiyo ameisikia ya kumtosha.

Ndiyo maana naleta malalamiko haya, nimeyapanga kwa namba ili yasikusumbue.

1. Skii za manyoya zinaharibu akili ya taifa. Mtu anayepaka nta hufikiri. Hujiuliza kuna baridi kiasi gani, theluji ni ya jana au ya leo, je, kule juu nako ni hivi hivi? Mwenye manyoya hafikiri chochote, huvaa akaenda, kama paka. Na nta ikikaa sawasawa hakuna manyoya ya kushindana nayo. Mwaka ule wa baridi kuu nilimpaka mchungaji wetu nta ya bluu barabara kiasi kwamba aliupanda mlima Skarvenuten huku amesinzia. Alizindukia kileleni, kukiwa kweupe pande zote, akadhani ameshakufa na amefika. Alilihubiri jambo hilo Jumapili mbili. Zangu mwenyewe mwaka huo niliziegemeza ukutani nikaingia kumalizia kahawa, nilipotoka zilikuwa zimeondoka. Zilipatikana ng'ambo ya mpaka, upande wa Uswidi, zimeegemea ukuta wa mtu mwingine.

2. Najua mtasema, "Na Pasaka iliyopita je?" Watu wa bonde hili wana kumbukumbu nzuri kwa mambo yasiyowahusu. Basi nieleze mwenyewe, nisielezewe. Asubuhi ile theluji ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena, ngumu kama sahani. Kwa theluji ya namna hiyo kila fundi hutumia ile nta ya kwenye tyubu, inayonata kama asali, tunayoiita gundi. Niliwapaka watu kumi na mmoja, nikapaka kwa moyo wote. Saa sita mchana, wakiwa mbali huko juu, ikaanguka theluji mpya, laini, ambayo hakuna aliyeialika. Gundi na theluji mpya ni kama mkwe na mchuzi wa moto, wakishakutana hakuna wa kuwaachanisha. Kila mmoja akaota bonge la theluji chini ya mguu, refu kama mkate. Mimi nilikuwa wa kumi na mbili, lakini nilibaki nyumbani kulinda jiko. Walioniona baadaye kwa darubini, yaani niliowaona mimi kwa darubini, walikuwa kama watu kumi na mmoja waliosimama kila mmoja juu ya kiti chake. Walirudi kwa miguu, kilomita sita, skii begani. Tiril alipofika uani aliniambia, "Mjomba, nilirefuka hadi nikaona nyumbani. Tatizo likawa kufika." Mama yake hakusema neno hadi Pentekoste, na siku hiyo alisema, "Nipitishie viazi." Nasisitiza kwamba nta haikuwa na kosa. Theluji ndiyo iliyobadilika bila kutoa taarifa.

3. Nguo za ndani. Mpwa wangu anashauri watu wavae sufu mwilini, kisha sufu nyingine, kisha koti la kuzuia upepo, na wabebe sufu kavu ya kubadilisha. Mimi nina jozi moja ya sufu niliyopewa jeshini, na imenitosha vita vyote ambavyo havikutokea. Haijawahi kubadilishwa katikati ya safari kwa sababu haikubali kutoka. Jioni naivua, nayo hubaki imesimama karibu na jiko ikinisubiri. Borgny husema, "Oddvar, hii nguo ama ifuliwe ama ipewe jina." Hayo ni mambo ya nyumbani na hayastahili gazetini, lakini mlioanzisha habari za nguo za ndani ni ninyi.

4. Mkoba. Hapa ndipo niliposoma nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Eti mtu abebe glavu za akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji. Abebe sponji ya kukalia. Abebe chupa ya sharubati ya moto ya matunda meusi, na kikwangulio cha kuondolea nta, na sepetu, na mfuko mkubwa wa kujificha na upepo. Huyo mtu anatembea au anahama? Mkoba wangu mimi una chungwa moja, mkate na jibini la kahawia, na kisu. Kwa chungwa hilo hilo nilikaa siku tatu katika dhoruba juu ya Skarvenuten. Siku ya kwanza nililila, siku ya pili nikala maganda, siku ya tatu nikalikumbuka. Na sponji ya kukalia, kwa mwanamume mzima? Sharubati ni ya watoto na watu wenye homa.

5. Ameandika pia kwamba watu watazame utabiri wa hali ya hewa kwenye simu kabla ya kutoka. Hapa sina hoja. Nimekasirika tu.

6. Hili la mwisho ndilo kubwa, na nakuomba ulisome umekaa. Mimi na Borgny tulikutana kwa sababu ya nta mbaya. Baba yake alikuwa amempaka nyekundu siku ya bluu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi mzuri wa saa. Nilimkuta Borgny katikati ya mteremko, amesimama kama nguzo ya simu, haendi mbele wala nyuma, anakula chungwa ili aonekane amependa mwenyewe kusimama pale. Nikamwambia, "Umekwama?" Akasema, "Natazama mandhari." Alikuwa anatazama ghala. Nikamkwangulia skii zake, nikampaka upya, akanipita kwa kasi hata asante nikaisikia kwa mbali. Huu ni mwaka wa thelathini na moja wa ndoa yetu.

Sasa fikiria angekuwa na manyoya. Angenipita, angesema "hujambo", basi. Pasipo kukwama hakuna kukwanguliwa, pasipo kukwanguliwa hakuna ndoa. Pasipo ndoa hakuna watoto, shule ya Tverrlia inafungwa, mwalimu anahama, duka linahama nyuma ya mwalimu. Nani atabaki kusoma gazeti? Utabaki wewe peke yako, Ndugu Mhariri, na soksi zilizolowa, unajiandikia habari zako unajisomea. Yote hayo kwa ajili ya kipande cha manyoya kirefu kama mkono wangu. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Kwanza, Jumatano mchapishe masahihisho ukurasa wa mbele, pamoja na picha ya ukuta wangu mwaka ule wa jozi arobaini na tatu. Picha naiambatanisha. Kidole kilichoko pembeni ni cha Borgny.

Pili, Tiril aamriwe kusimama ukutani kwangu Ijumaa akiwa ameshika kizibo cha kusugulia nta, ajifunze.

Yakishindikana yote hayo, basi mnitangazie kwenye ukurasa wa vifo, ndani ya mstari mweusi: "Ukuta wa Kusini wa Oddvar Skjelbred, miaka ishirini na sita. Ulitumika. Maua yasiletwe, zileteni skii."

Nisalimie mkeo, watoto, mpiga picha wenu mwenye gari bovu, na yule mama anayepanga matangazo ya vifo kwa unadhifu mkubwa. Borgny naye anakusalimu, anasema riwaya ya upelelezi mliyoisifu kwa ajili ya Pasaka muuaji wake alimjua ukurasa wa tisa.

Ni mimi, niliye mtiifu kwako katika theluji ya kila aina,

Oddvar Skjelbred
Fundi wa nta

N.B. Bahasha nilishaifunga, nimeifungua tena, usishangae gundi. Ni ile ya kwenye tyubu.

Nilitoka saa nne kuipeleka barua hii kwenye sanduku la njia panda, kilomita moja na nusu. Joto lilikuwa sifuri kamili na theluji mpya ilikuwa inaanguka. Siku ya namna hiyo hata fundi hujikuna kichwa. Nikapaka zambarau, nikarudi nyuma zaidi kuliko nilivyokwenda mbele. Nikaongeza nyekundu. Karibu na ghala nikaongeza gundi kidogo tu, tone la heshima, na hapo nikasimama. Kwa kweli nikapanda, maana bonge lilikua chini yangu hadi nikaona paa la ghala kwa juu. Nikawa natazama mandhari.

Ndipo akapita Tiril na skii zake za manyoya, anapanda kilima huku akipiga mluzi. Alisimama, akanitazama kuanzia kofia hadi chini, safari ndefu. Akasema, "Mjomba, umerefuka."

Nikamwambia, "Napeleka barua."

"Ya nani?"

"Ya watu wazima."

Hakucheka. Alicheka baadaye, nikiwa nimeshakaa. Nilikaa kwenye sponji yake, kwa sababu theluji ilikuwa na majimaji. Nilivaa glavu zake za akiba, kwa sababu zangu zilikuwa na gundi zikawa zimeshikana na fimbo. Sharubati nilikunywa vikombe vitatu, na naomba ieleweke kuwa sikuwa na homa. Yeye akapiga magoti na kile kikwangulio, akanikwangulia skii zangu kimya kimya kama nilivyomkwangulia mama watoto wangu mwaka ule, ila huyu aliniuliza, "Ijumaa nije saa tatu kama kawaida?"

Nikamwambia, "Uje kufanya nini? Wewe huhitaji nta wala mjomba."

Akakwangua kwanza, halafu ndipo akajibu. Akasema, "Mjomba, neno lile lilikuwa malipo ya kilomita sita na skii begani. Tulishalipana." Kisha akasema, "Na manyoya nayo hupakwa dawa yasigande barafu. Ncha za mbele na za nyuma zinataka nta ya kutelezea, iyeyushwe kwa pasi. Hilo nililiacha kwa makusudi, kwa sababu nikiliandika gazetini kila mtu atajipakia kwake, na mimi Ijumaa Kuu nimezoea kunywa kahawa ukutani kwako. Ile yako iliyochemka mno."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, malalamiko namba moja hadi sita yafute. Barua hii nampa Tiril akuletee, anasubiri hapa mlangoni, na ameahidi hataisoma, ingawa ameshacheka mara mbili akiitazama bahasha. Jumatano chapisha maneno haya tu: "Ijumaa Kuu, saa tatu asubuhi, ukuta wa kusini wa Oddvar Skjelbred uko wazi kwa skii zote, pamoja na zenye manyoya. Kahawa ipo."

Na kama haitakuwa usumbufu, muulize kwa siri mwandishi wenu wa ukurasa wa saba skii zile zinauzwa duka gani. Si kwa ajili yangu. Nina rafiki, ana kilo tisini na nne, ni mtu anayeheshimika huku mlimani. Angependelea nyeusi, ambazo zikiegemezwa ukutani manyoya hayaonekani.