Viwavi wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Ofisi ya kilimo imepiga simu: mkaguzi anakuja Alhamisi kuona kabichi zangu. Ruzuku ya kilimo hai niliipata kwa kuapa kwamba situmii dawa ya wadudu. Na situmii. Isipokuwa Jumamosi iliyopita, mke wangu akiwa sokoni. Nikigundulika ni kurudisha ruzuku yote au kufungwa, na ruzuku yenyewe imeshakuwa bati juu ya nyumba. Nimemuuliza fundi, kwa mzaha tu, kama bati huweza kung'olewa. Kasema chochote kinang'oka.

Jumanne, 4 Machi
Nimezunguka shamba. Kabichi zinang'aa, hakuna jani lenye tundu. Hata mimi nisingejiamini. Kwa jirani, yule tunayemwita Samadi kwa harufu yake, kila jani limetafunwa, na wakaguzi wanamsifu kweli kweli. Kumbe kinachotakiwa ni wadudu! Nimekwenda kumwomba viwavi. Nimedai ni chakula cha kuku. Sina kuku, na Samadi anajua. Kanijazia ndoo bila kuuliza, akasisitiza kwamba ndoo anaitaka. Kutouliza kwake kumeninyima raha mchana kutwa.

Jumatano, 5 Machi
Jioni nimewapanga viwavi, kila kabichi na wake. Nikawabembeleza watafune. Mke wangu akauliza naongea na nani. Nikasema nasali. Akafurahi, eti siku hizi nimebadilika. Roho ikatulia kidogo, nikamaliza chakula chote. Kabichi, kama kawaida.

Alhamisi, 6 Machi
Wamekufa! Wote, chali, juu ya majani. Dawa ya Jumamosi bado ilikuwa kazini. Na mkaguzi, mama mpole mwenye mabuti ya mpira, alikuwa ameshaingia shambani. Nikamwambia wamelala. Akachuchumaa, akamgusa mmoja kwa kalamu, akauliza nilipulizia lini. Mke wangu ndiye aliyejibu, tena kwa kujivuna: hapa hapapuliziwi kitu, kabichi hizi ndizo anazowapikia watoto kila siku. Mkaguzi akafunga kalamu yake. Kisha akamwambia mke wangu awapeleke watoto zahanati leo hii.
Mke wangu hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimbeba mdogo, akamshika mkono mkubwa, akaondoka na kanga ya jikoni. Nimebaki kati ya kabichi. Jela sikuiwaza hata kidogo. Niliwaza sahani zao.

Ijumaa, 7 Machi
Watoto wazima. Daktari kawapima wote wawili, hana wasiwasi. Nimelia mbele ya foleni nzima ya wagonjwa. Mke wangu kawapeleka kwa mama yake, na hatarudi mpaka niache ujanja. Ruzuku, ofisi imekubali niirudishe kidogo kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Ujanja nimeacha kabisa. Nyumba kimya, mlango ukigongwa naruka. Naogopa kwamba wanangu watazoea huko. Lakini redio imetangaza ruzuku mpya ya mabwawa ya samaki. Hiyo italipa ile ya kwanza, na mke wangu ataona mume mwenye mipango. Bwawa nimeshaanza kuchimba. Samaki nitawachukua sokoni asubuhi ya ukaguzi. Muuzaji anao kwenye barafu. Nimemwomba anichagulie wenye macho maangavu, waonekane wachangamfu.