Chumba cha Kulilia

Jumatatu, 18 Januari 1954
Nimepata kazi! Naogopa. Sista Adelgunda kasema kwa kuwa nimemaliza shule na ni mpole, nibaki hapa misheni niwatulize wasichana wapya wa bweni wanaolilia kwao. Nimepewa chumba nyuma ya stoo, viti viwili na leso. Mwenye huzuni aje, akae, aseme. Nitapimwa hadi Jumamosi. Nikishindwa, naenda Murongo kwa shangazi Xaveria, auzaye samaki wakavu kivukoni. Msaidizi wake lazima aite wateja kwa sauti kubwa. Mimi! Darasani hata jina langu niliitikia kwa kuinua kidole.

Hakuja mtu. Leso bado kavu.

Jumanne, 19 Januari
Wanalia, lakini jikoni! Nimechungulia. Wamekaa chini wanamenya ndizi za mchana, na huku wanasema yote: mama mgonjwa, mdogo aliyeachwa, baridi ya bwenini. Na nani yuko katikati? Felicitas! Tulimaliza pamoja, alikuwa akinakili hesabu zangu. Sasa ni msaidizi wa mpishi. Aliponiona akapaza sauti: "Renatha, panya wa stoo wameshatulia?" Wote wakacheka, hata waliokuwa wakilia.

Jumatano, 20 Januari
Nimepata akili. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Nikaweka mlangoni kikapu cha buni kavu nilichopewa na mama. Chumba kikajaa! Walitafuna wakinitazama. Nilitazama sakafu. Nilitaka kumuuliza Eugenia, mdogo kuliko wote na mliaji kuliko wote, nini kinamuuma. Sauti haikutoka. Yeye ndiye aliyeniuliza: kahawa imebaki?

Alhamisi, 21 Januari
Balaa. Kahawa imewanyima usingizi. Bweni zima limekesha likiimba nyimbo za harusi. Sista ana mafua na hasira. Kaniuliza kama huku ndiko kutuliza.

Ijumaa, 22 Januari
Nimegundua kosa: hawana hofu ya kutosha. Asubuhi nikamnong'oneza Eugenia kwamba kuna chui kwenye migomba yetu. Hukohoa kama mzee kabla ya kuruka. Mwenye kuogopa, mlango wangu uko wazi. Habari ilifika bweni zima kabla ya chai. Wakakimbia wote. Jikoni! Felicitas kawaambia chui akija apewe kisu, ndizi ni nyingi.

Baya zaidi: sasa mimi namwamini huyo chui. Nilimweleza vizuri mno.

Jumamosi, 23 Januari
Ukungu mzito. Natoka misa, napita kwenye migomba, peke yangu. Kikohozi! Nyuma yangu! Nikakimbia. Kiatu kikabaki. Nikaingia jikoni na kujitupa katikati ya wasichana. Wakanisogelea. Felicitas akafungua kinywa kunitania, akanitazama, akakifunga. Akanipa kisu.

Nikamenya. Basi maneno yakatoka yenyewe: chui, Murongo, kupigia watu kelele kivukoni. Na kwamba kengele ya asubuhi inanitisha, kwa sababu inalia na hainiiti mimi tena. Nikalia mbele za watu. Eugenia akaniegemea. Akasema kengele hata yeye inamtisha. Kwao aliamshwa na bibi yake.

Mara mlango ukafunguka. Sista Adelgunda, kiatu changu mkononi. Akakohoa. Kikohozi kile kile! Akauliza ni nani alikuwa akikimbia kwenye migomba kama mwizi. Nikaiona Murongo. Nikawanusa samaki.

"Hatukuona mtu, Sista," Eugenia akasema. "Tunaongea tu na dada Renatha."

Sista akatazama mguu wangu mtupu. Akamtazama Eugenia, kichwa begani kwangu. Akaweka kiatu chini taratibu. Akasema nibaki mwaka mzima.

Jumapili, 24 Januari
Nimebaki! Nimewaza sana ni kitu gani kilichosaidia. Ni chui, hakuna kingine. Juma hili nitaongeza fisi. Nimemwomba Sista viti vinne zaidi, na leso.

Jioni Felicitas kaja mlangoni. Kasema wasichana wanauliza kama kesho nitakwenda kumenya nao. Nikamjibu sina nafasi. Wenye huzuni wakija chumbani, nani atawapokea?