Mpelelezi Kasimama Mlangoni

Jumatatu, 9 Juni

Simu ya mhariri! Chai bado mdomoni. Amesoma sura tatu nilizompelekea. Amezipenda. Akauliza kama riwaya nzima iko tayari. Mtu mwingine angesema bado. Mimi nikasema imekamilika zamani, imebaki kupigwa pasi kidogo tu. Akasema vizuri sana, basi imfikie Jumatatu ijayo, kwani nafasi ni moja na kuna mwandishi mwingine anaikodolea macho.

Ukweli, hapa ambapo hakuna anayesoma: sura tatu ndizo zote. Mpelelezi wangu amesimama mbele ya nyumba ya marehemu, mkono kwenye kitasa. Amesimama hivyo tangu mwaka jana. Sijui ndani kuna nini.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na sufuria. Akapiga kigelegele. Yeye ni dobi hotelini. Akasema kama ni pasi tu, nimletee yeye. Kisha akawapigia simu ndugu zake wote, na wa kwanza kaka yake mkubwa, yule shemeji aliyesema dada yao kaolewa na kalamu isiyo na wino. 

Jumanne, 10 Juni

Nimechukua likizo dukani, ninakouza miwani. Leo: ari! Bila ari huandiki. Nimehamisha meza kutoka dirishani hadi ukutani. Giza. Nikairudisha dirishani. Nimeandika maneno ya kujitia moyo kwa kalamu nene na kuyabandika ukutani. MVUMILIVU HULA MBIVU. HABA NA HABA. SIMAMA, SHUJAA! Hili la mwisho nikaona halimfai mpelelezi, maana kusimama ndiyo shida yake. Nikalibandua. Rangi ya ukuta ikatoka nalo.

Riwaya: hakuna kitu. Ukuta: umejaa.

Jumatano, 11 Juni

Mama mkwe. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita kutibiwa goti, na ana ugonjwa wa pili ambao hakuna aliyenitahadharisha nao. Anaandika! Habari za ujana wake, anasema, wajukuu wasije wakadhani alizaliwa bibi. Kila asubuhi baada ya chai anaketi kwenye meza ya chakula, anajaza karatasi mbele na nyuma, anavua miwani, anaenda kumenya viazi. Hatafuti neno. Hatazami dari. Inakera.

Nilimwomba kwa adabu zote aniachie meza, kwa kuwa mimi nina kazi ya kuchapishwa. Akasema, "Meza ina pande nne, baba. Mimi nimekalia mmoja." Nikakaa upande wa pili. Kalamu yake: kwaru, kwaru, kwaru. Nikaandika "Mvua ilinyesha." Nikafuta. Sura ya tatu ni kiangazi.

Alipoinuka nilichungulia karatasi yake. Nilikusudia sentensi moja. Nikasoma yote. Marehemu baba mkwe, kijana, kaenda kuposa na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Nilicheka mpaka akaja kuuliza kama nimepaliwa. Nikasema nimepaliwa.

Nyumba hii haiwatoshi waandishi wawili.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango mkubwa. Dawa ya uvivu ni komeo! Seremala alikuja mapema akafunga komeo kwenye mlango wa stoo, kwa nje. Aliuliza tena na tena kama nina hakika na upande. Nikamwagiza mke wangu anifungie kabla ya kwenda kazini, na mtu yeyote asinifungulie, hata nikilia. Simu nikaiacha nje. Nikaingia na kompyuta, maji na mkate. Komeo likalia ko! Nikajiona shujaa.

Nikafungua kompyuta. Ukungu. Miwani yangu iko mezani. Mimi, muuza miwani!

Nikagonga. Nikamwita mama mkwe kwa sauti ya asali. Akasema kaagizwa asifungue. Nikasema ni miwani tu, mama. Akasema bintiye alimwonya kuwa nitakuja na visingizio vya kila rangi. Nikagonga zaidi. Akasema, "Andika, baba. Utavunjika mkono ukose wa kuandikia."

Ndipo simu yangu ikalia huko nje. Akaipokea. Nikabandika sikio mlangoni. Mhariri! Mama mkwe akamweleza bila kificho kwamba mkwewe kafungiwa stoo. "Riwaya naona bado, mwanangu, maana anagonga kuliko anavyoandika." Akasikiliza kidogo. Kisha akasema eeh, hata yeye huandika, vijimambo tu vya uzeeni. Kisha nikasikia karatasi. Anasoma! Anamsomea mhariri wangu viatu vya kuazima, kwa simu yangu! Na huko upande wa pili mtu anacheka.

Stoo ina dirisha dogo. Kichwa kilipita. Mabega yakapita kwa ugomvi. Tumbo likakataa. Nikabaki nusu nje, juu ya kamba ya nguo za jirani, nusu ndani. Jirani akatoka kuanua nguo, akanisalimia. Nikaitika. Akauliza kama napungukiwa na kitu. Nikasema naangalia hali ya hewa. Mara, nyuma yangu, komeo likafunguka: kugonga kumekoma, kaja kutazama. Mama mkwe, ambaye mbele yake sijawahi kukaa hata bila shati, akakutana na ile nusu yangu iliyobaki ndani. Akarudishia mlango polepole, kama mtu aliyekosea chumba, akaenda kumwita seremala.

Ijumaa, 13 Juni

Mbavu zina alama ya fremu. Lakini si mbavu zinazouma.

Mke wangu aliporudi kutoka kazini hakuuliza habari za dirisha. Akavua viatu, akaketi kitandani. Akasema, "Lete sura ya nne niipige pasi." Nikacheka. Hakucheka. Nikasema mwandishi haonyeshi kazi mbichi. Akanyoosha mkono, akauacha hewani. Mkono una alama za mvuke wa pasi za hotelini. Nikautazama. Nikasema haipo. Akauliza, ya tano? Haipo. Hakuna.

Nilijiandaa kwa kelele. Kelele nina majibu yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Kila kaka anapokusema, mimi ndiye ninayekutetea. Sasa nitakutetea kwa lipi?" Nikatafuta jibu. Hata ukutani halipo.

Nikatoka chumbani nikitaka kwenda popote. Mama mkwe alikuwa mezani na viazi vyake. Kuta zetu nyembamba, alisikia yote. Akanisogezea kiti kwa mguu ule mzima. "Keti uandike ukurasa mmoja mbaya." Nikasema sijui ndani ya nyumba ile kuna nini. Akasema, "Mimi nilijua kilichomo kwenye ndoa? Niliingia tu."

Nikaketi. Mpelelezi akafungua mlango. Ndani kulikuwa na mwanamke anamenya viazi, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kutazama. Ukurasa mbaya kabisa. Wa pili si mbaya sana.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeandika tangu chai mpaka chakula cha mchana. Mwanamke wa viazi anamjua muuaji! Sikulijua hilo mpaka alipokiweka kisu chini. Naogopa kuinuka, hata kwenda msalani, hadithi isije ikapotea. Mke wangu alipita nyuma yangu, akasoma kwa juu ya bega. Baadaye nikakuta kikombe cha chai karibu na mkono wangu. Ya moto.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia mhariri mwenyewe. Mke wangu alishavaa viatu vya kazini lakini hatoki. Mama mkwe anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Nikasema ukweli: sura ya nne ipo, ya tano nusu, mengine nilidanganya.

Mhariri hakushangaa.

Akasema alijua tangu Alhamisi. Nafasi kapewa yule mwandishi mwingine. Lakini nimpelekee sura moja kila mwisho wa mwezi. Sura isipofika siku hiyo, hatauliza tena. Kisha akaomba aongee na mama. Waliongea muda mrefu kuliko alivyoongea nami. Anazitaka karatasi zote za viatu!

Nikameza hilo. Mlangoni mke wangu alikuwa anazungumza na shemeji kwa simu. Sikumsikia akisema amemaliza. Alisema, "Anaandika." Basi. Nikajifuta macho kwa pazia.

Jumanne, 17 Juni

Leo sikuandika, lakini kwa sababu nzito. Nimegundua siri ya uandishi! Kukaa. Ni kukaa tu! Siri kubwa hivi si haki kuwanyima wengine. Kwa hiyo nitawaandikia waandishi waliokata tamaa mwongozo wa uvumilivu. Asubuhi yote nimetafuta jina. Mchana nimechora jalada: mimi, kidevu mkononi, natazama mbali. Pua nimeirudia mara nyingi, ngumu pua. Mama mkwe akauliza kiti changu kina nini leo. Nikamwambia mambo haya ni makubwa kidogo, mama.

Nikampigia mhariri. Akasikiliza, akauliza kwa sauti ya mtu anayepima maji kwa mguu kama hicho kitabu angalau kimeanzwa. Nikamwambia kimekamilika.

Na si uongo. Jalada limekamilika. Kimebaki cha ndani tu.